Kicheko Nyuma ya Simu

Nilikuwa kwenye mapumziko ya chai pale zahanati ninapofanya kazi ya uuguzi, mjini Tabora, niliposikia mwanangu akicheka ndani ya simu ya mtu mwingine.

Mwenzangu wa zamu alikuwa ameisimamisha simu yake mezani, ameiegemeza kwenye chupa ya chai, akatuita tuone. Kwenye klipu kulikuwa na mzee mwenye kanzu nyeupe na balaghashia, ameshika maiki, anahangaika na neno moja. "Na ma... ma... ma... ma..." Macho ameyafumba, kidevu kinatetemeka. Mtu alikuwa ameongeza mdundo wa muziki, ile "ma" ikawa inarudi na kurudi pamoja na ngoma, kisha picha ikakatika ghafla. Wenzangu walicheka hadi mmoja akamwaga chai.

Nilimtambua mzee kwanza. Ni fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Halafu nikakisikia kicheko cha karibu na kamera, chembamba, kinachopanda mwishoni kama kwikwi. Kicheko hicho nakijua tangu mwenye nacho hajaota meno.

"Umeipata wapi?" nilimuuliza mwenzangu.

"Iko kila mahali, dada. Mimi nimetumiwa na shemeji yangu wa Nzega."

Nilirudi chumba cha sindano nikafanya kazi hadi zamu ikaisha.

Ukoo wa fundi ni wa zamani hapa mjini. Mwenyewe husema babu wa babu yake alitoka pwani na msafara wa kwenda Ujiji, miguu ikamvimba njiani, wenzake wakaendelea na safari wakamwacha Tabora. Akapona, akaoa hapahapa, na wajukuu wake wamekuwa wakishona kanzu na suruali za watu wa mji huu mpaka leo. Sisi ni Wakristo Wamoraviani, watu wa Usoke, tumekuja mjini juzijuzi tu kwa kazi. Tulipohamia, mke wa fundi ndiye aliyetuletea maji ya kunywa siku ya kwanza kabla bomba letu halijaunganishwa. Mama yule alifariki wakati binti yetu yuko shule ya msingi. Tangu hapo fundi alimlea binti yake wa pekee peke yake, hapo barazani, cherehani ikilia asubuhi hadi alasiri.

Kigugumizi chake kila mtu mtaani anakijua. Akisoma Kurani sauti inatiririka bila kukwama hata mahali pamoja, ila maneno ya kawaida humgomea, hasa yale yanayoanza na "m". Mimi nilikuwa na tabia ya kumsaidia. Akianza neno likakwama, nalimalizia haraka ili asiumie. Nilidhani huo ni upole.

Na harusi ya binti yake tulihudhuria wote. Nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba na akina mama wenzangu, tunapakua pilau, fundi alipopewa maiki awashukuru wakwe chini ya turubai. Nilisikia amekwama, nikasikia na watu wametulia, lakini masufuria yalikuwa yananidai. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha tatu wakati huo, alikuwa huko mbele na simu aliyopewa na mjomba wake kwa ajili ya masomo.

Nilipofika nyumbani siku ile nilimkuta anaosha vyombo. Nikamwambia akaushe mikono akae.

"Ile klipu ya fundi ni wewe?"

Hakukana. "Niliituma kwenye grupu la darasa tu, mama. Watu wenyewe ndio wameisambaza. Na muziki sikuweka mimi."

"Uliikata wewe?"

"Ilikuwa ndefu sana."

"Ulikuwa unacheka."

"Kila mtu alikuwa anacheka." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Nimeshaifuta."

Nilimpigia baba yake, ambaye anafanya kazi Sikonge na huja mwisho wa wiki. Alisema nimchape, na simu niivunje. Nilipomweleza kwamba klipu imeshafika Nzega, akasema, "Sasa tukivunja simu moja itasaidia nini?" Nilikuwa najiuliza hilohilo. Nimelelewa kwa fimbo na kwa Biblia, na vyote viwili viliniweka sawa, lakini siku ile sikuona nianze na kipi. Usoke nilikokulia, kwenye mashamba ya tumbaku, mtoto akimcheka mtu, mtu huyo alikuwa palepale. Utamkuta kisimani kesho yake, utamkuta kanisani Jumapili, mtafunga naye majani ya tumbaku kwenye kibanda kimoja. Macho yake yatakufundisha hata kama wazazi wamesahau. Mwanangu alikuwa amemcheka mtu mbele ya halaiki asiyoijua, kisha akaendelea kuosha vyombo.

Mama yangu anaishi nasi. Alikuwa kwenye mkeka wake akichambua karanga, amesikia yote. Hakumgombeza mjukuu wake. Alimuuliza tu kwa Kinyamwezi kama fundi ameiona hiyo klipu. Binti hakujua. "Basi," mama akasema, "kesho tutakwenda kumsalimia."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baraza la fundi lilikuwa tupu. Cherehani imeingizwa ndani, na pale inapokaa siku zote kumebaki alama za miguu yake kwenye sakafu. Mama alitangulia na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, binti akafuata, mimi nyuma. Tulipiga hodi kwa muda. Fundi alifungua mlango nusu.

Binti alipiga magoti kama alivyofundishwa na bibi yake. "Shikamoo, babu."

Fundi alimtazama, akatikisa kichwa. Hakujibu.

Sikuelewa mara moja. Baadaye ndipo nilipoambiwa na muuza nyanya wa jirani. Vijana wa bodaboda wa pale njia panda walikuwa wakimwona fundi anapita kwenda msikitini wanamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, mzee," na wanangoja. Wanangoja wasikie atakavyosema marahaba. Akikwama wanaanza kupiga mdundo kwa viganja kwenye matangi ya pikipiki zao. Ndiyo sababu aliacha kuitikia salamu, mzee wa umri ule, katika mji huu ambao mtu asipoitikia shikamoo watu huuliza kama anaumwa.

"Ni mimi niliyerekodi," binti alisema akiwa bado amepiga magoti. "Naomba unisamehe, babu."

"Nime... nimekusamehe," fundi alisema. "Nenda kasome." Akapokea bakuli, akamshukuru mama yangu, akafunga mlango taratibu.

Tulirudi. Binti alionekana amepata ahueni, kwa sababu neno la msamaha ameshalipata. Mimi moyo wangu ulikuwa mzito kuliko tulipokwenda. Siku zilizofuata cherehani ilisikika kwa mbali, ndani ya chumba chenye dirisha dogo, na wateja walikuwa wakigonga, wanaacha vitambaa, wanaondoka. Alasiri, mahali ambapo fundi na mama yangu walizoea kuzungumza kupitia ukuta mfupi, mama alikuwa anakaa peke yake.

Zahanati nilimweleza mwenzangu wa zamu ule mzee ni nani. Alichukua simu akaifuta klipu mbele yangu, akamwandikia na shemeji yake aifute. Kisha akasema, "Nilidhani ni mtu wa mbali."

Maneno hayo nimeyafikiria mara nyingi. Kwenye simu kila mtu ni wa mbali, hata anayeishi nyuma ya ukuta wako.

Baada ya wiki kadhaa bibi harusi alikuja kumtembelea baba yake kutoka Igunga alikoolewa. Nilimwona anashuka kwenye pikipiki na kanga yake mpya, nikajua lazima atafika kwetu, na kweli hazikupita saa nyingi akapiga hodi. Nilijiandaa kwa maneno makali. Niliona anayo haki.

Aliniamkia, akamwamkia mama yangu, akakaa. Alipomwona binti yangu amesimama kwenye mlango wa chumba, alimwita. "Mdogo wangu, njoo. Sijaja kugombana."

Binti akaja, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Ile uliyoituma ilikuwa fupi," bibi harusi alisema. "Ile yote unayo?"

"Dada, nimeshaifuta kwenye grupu."

"Naelewa. Nauliza uliyorekodi mwanzo. Ile ndefu."

Binti aliniangalia. Nikamwashiria ajibu. "Ipo," alisema.

"Naomba niione." Akaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba baba yake alipokuwa anazungumza, yeye alikuwa chumbani amezungukwa na wanawake wanamrekebisha shela. Mpiga picha naye alikuwa humohumo ndani, anampiga yeye. Alimsikia baba yake kupitia spika, lakini kelele zilikuwa nyingi, na sura yake hakuiona. "Nimeolewa sijauona uso wa baba yangu akiniaga," alisema. "Na simu iliyokuwa inamwelekea ni yako peke yake."

Binti alikwenda kuleta simu. Walikaa bega kwa bega, simu imewekwa katikati, na mimi nikasimama nyuma ya kochi. Mama aliendelea kukaa pale alipo, lakini mikono yake iliacha kuchambua karanga.

Ikaanza. Fundi aliwashukuru wakwe vizuri, polepole. Aliwashukuru majirani. Halafu akafika pale. "Na ma... ma... ma..." Kicheko cha binti yangu kikasikika, kikubwa kuliko maneno, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu na simu. Nilimwona anainamisha kichwa. Bibi harusi hakumtazama. Alikuwa anamtazama baba yake. Ile "ma" iliendelea, ndefu mno, na mahali ilipokatwa ile klipu tukapapita. Fundi alinyamaza. Akavuta pumzi. Akafumbua macho.

"Na marehemu mke wangu," alisema, na baada ya hapo hakukwama tena hadi mwisho. Alisema mke wake alipokuwa anaumwa alimwomba jambo moja, kwamba mtoto akiolewa asimame mwenyewe aseme, asimtume mtu kumsemea. Alisema anajua ulimi wake ulivyo, lakini ahadi ni ahadi. Alisema, "Mama yake, nimesimama." Akarudisha maiki, na watu wakapiga vigelegele.

Binti yangu alikuwa analia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akilia, bila kujificha uso. Hata siku ile ya magoti hakulia.

"Sikungoja," alisema. "Dada, nilicheka nikaacha kusikiliza. Nilikata hapo bila kujua anamtaja nani."

Bibi harusi alifuta macho yake kwa upindo wa kanga. "Alijifundisha maneno yale mwezi mzima," alisema. "Usiku nilikuwa namsikia anayasema ameinamia kitambaa alichokuwa anashona. Kila mara lilikuwa hilo neno tu." Kisha akaomba atumiwe ile ndefu, na binti akamtumia hapohapo.

Binti yangu ndiye aliyepata wazo kwamba ile ndefu isambazwe nayo, watu waone ukweli. Nililiona wazo zuri. Bibi harusi alisema aulizwe mwenye sura. Wakaenda wote wawili, na walikaa huko muda mrefu. Waliporudi, binti aliniambia fundi amekataa. Alimwambia, kwa maneno yaliyochukua muda wake, kwamba yaliyo kwenye rekodi ile aliyasema kwa watu wa harusi yake na kwa mke wake, na imetosha. Akamwambia pia kwamba kuchekwa amekuzoea tangu madrasa. Kinachomchosha ni kwamba siku hizi hakuna anayengoja afike mwisho wa neno. Hata wale wanaompenda wanamrukia na kumalizia.

Nililipokea hilo la mwisho kama langu, na lilikuwa langu.

Sasa binti yangu hakuwa na njia ya kurekebisha jambo kwa kubonyeza kitu. Alihangaika nalo. Alikuwa anakula kidogo, anamwuliza bibi yake maswali ambayo hakuwahi kumwuliza: zamani mtu akimvunjia mwenzake heshima mbele ya watu, aliirudishaje? Mama alimjibu kwamba aliirudisha palepale alipoivunjia, mbele ya walewale waliokuwepo. "Lakini waliokuwepo ni wengi mno, bibi," mtoto alisema, "wengine siwajui." Mama akamwambia aanze na anaowajua.

Alasiri moja akitoka shule, akiwa na sare zake, alikwenda kijiweni kwa vijana wa bodaboda. Mimi nilikuwa kazini. Yaliyotokea niliyapata kwa mama yangu, ambaye ghafla alikuwa ameona haja ya kununua nyanya kwenye genge la jirani na kijiwe.

"Kaka zangu, habari zenu," binti aliwaambia. "Ile klipu ya fundi nilirekodi mimi. Niliikata vibaya. Neno alilokuwa analisema ni marehemu. Alikuwa anamtaja mke wake, kwenye harusi ya mtoto wao. Nimekuja kuwaomba mkimwamkia, mumwamkie kweli."

Mmoja wao akaiga, "Ma-ma-marehemu," na wawili watatu wakacheka. Mwingine akamwuliza amelipwa shilingi ngapi kuja kuhubiri. Mama anasema mtoto hakuondoka. Ndipo mmoja aliyekuwa amekaa pembeni juu ya pikipiki yake, mkubwa wao kidogo, alivua kofia ngumu akaiweka mapajani.

"Yule mama alikuwa anatupa uji tukitoka madrasa," alisema. "Kumbe ndiye aliyekuwa anamtaja." Akawageukia wenzake. "Basi jamani, hili liishe."

Halikuisha siku ile. Yule wa kuiga aliendelea kwa muda, akipunguza sauti, kisha akaacha. Sijui kama alijuta au alichoka tu. Lakini wengine waliacha mara moja, na yule mkubwa alipeleka suruali yake kwa fundi ikapunguzwe kiuno. Aliipeleka mwenyewe mlangoni, akaketi kwenye ngazi akangoja hadi ikaisha. Fundi ilibidi atoke nje kumpa.

Cherehani ilirudi barazani mwanzoni mwa masika, mwanga wa ndani ulipokuwa hautoshi kutunga uzi. Hakuna aliyeitangaza. Niliamka tu asubuhi nikaisikia mahali pake. Nilikuwa natoka kwenda kazini, binti anakwenda shule, tukapita mbele yake pamoja.

"Shikamoo, babu," binti alisema, akasimama.

Fundi aliinua macho kutoka kwenye kitambaa. Ilianza, ile herufi yake ngumu, na mdomo wangu nao ulikuwa tayari kumsaidia, nikauma midomo. Tulisimama. Bodaboda ikapita, mwanamke na ndoo akapita, na binti yangu alikuwa amesimama na begi lake mgongoni kama mtu ambaye hana shule ya kuwahi. Halafu ikafika yote. "Marahaba, mjukuu wangu. Soma vizuri."

Klipu ile bado ipo. Mwaka uliopita mtu wa Mwanza aliituma kwenye grupu moja nililomo, na nikaandika maneno machache kueleza mzee ni nani na alikuwa anasema nini. Wachache walijibu kwa kusikitika. Mwenye kutuma akaifuta, akaomba radhi, na akauliza kama fundi anashona kanzu za watoto. Nikamwambia anashona.

Watu huniuliza, hasa wazazi wenzangu kanisani, watoto wa siku hizi tutawafundisha nini na kwa njia ipi, maana mafundisho yako mengi kwenye simu hizohizo, mahubiri, mawaidha, wataalamu wa malezi wenye suti. Binti yangu alikuwa ameyasikia mengi ya hayo kabla ya harusi ile, na mengine alikuwa ameyasambaza yeye mwenyewe. Mimi ninachojua ni kidogo. Niliona mtoto aliyesamehewa bila kujifunza, kisha nikamwona anajifunza kwenye kochi langu, bega kwa bega na mtu ambaye yeye ndiye aliyemuumiza, wakitazama kitu kimoja hadi mwisho. Sidhani kama ningeweza kulipanga. Bibi harusi alilileta kwa sababu alitaka kuuona uso wa baba yake.

Likizo ya Juni tulipanda treni kwenda Usoke, mimi, mama na binti, ambaye sasa yuko kidato cha tano. Tumbaku ilikuwa imeshavunwa na kijiji kinanukia majani yaliyokaushwa. Mama alikaa mbele ya nyumba alimozaliwa mdogo wake, akaanza kutueleza jinsi watu wa zamani walivyokuwa wakifunga mizigo kwa ajili ya safari ya mbali, jambo ambalo alilisikia kwa bibi yake mwenyewe. Binti alitoa simu, lakini hakuielekeza.

"Bibi, naomba nikurekodi."

"Unarekodi nini, uzee?"

"Maneno yako."

Mama aliagiza aletewe kitambaa chake cha kichwa cha kanisani. Akakifunga, akakifungua, akakifunga upya. Akataka pia kiti kihamishwe, jua lisimpige machoni. Binti alihamisha kiti. Kisha mama akaanza upya tangu mwanzo kabisa, na mara nyingi alisimama akitafuta jina la mahali au la mti, akinyamaza kabisa, na simu ikabaki pale, imetulia, mpaka jina likapatikana. Nilikuwa nayajua baadhi ya majina hayo. Niliyaacha.

Wakati fulani nikaona kioo cha simu kimezima. Chaji ilikuwa imeisha. Mama hakujua, alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye hadithi ya mpagazi aliyekuwa anaimba. Binti naye alikiona. Alihamisha simu kwenda mkono wa pili, akaendelea kuishika vilevile, akimsikiliza.